SOMO: Kuomba msaada wa gharama za matibabu ya saratani (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila wiki nakuta ujumbe uleule inboksi: "Mama ana saratani, hospitali wanataka hela nyingi, tuanzie wapi?" Leo naandika yote mahali pamoja ili nisirudie tena. Nilishika mahesabu ya mchango wa dada yangu tangu mwanzo wa matibabu hadi mwisho, kwa hiyo haya nimeyapitia.

Kabla ya yote, jueni kwamba mtu anayechangia anataka majibu ya mambo matatu: inatakiwa kiasi gani, inalipia nini, na nani anaishika. Mkishindwa kujibu hata moja, picha ya mgonjwa kitandani haitawasaidia.

Hatua ya 1. Mwombeni mgonjwa ridhaa. Ugonjwa ni wake, jina na sura ni vyake.

Hatua ya 2. Chagueni mtu wa kupokea fedha na mwingine wa kuandika mahesabu. Kazi hizi mbili asizifanye mtu mmoja, hata kama ni mwaminifu kiasi gani.

Hatua ya 3. Makadirio ya gharama. Hapa ndipo tulipokwama sisi. Majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa) yalionyesha saratani ya titi, tukapewa makadirio ya upasuaji na tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani, "kemo"), tukatangaza jumla. Watu wakachanga hadi ikatimia. Baadaye yakatoka majibu ya vipokezi, yaani alama za kwenye seli za saratani zinazoonyesha dawa ipi itafaa: HER2 chanya, maana yake seli zina protini ya HER2 kwa wingi. Hiyo ilimaanisha kuongeza trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki 3 kwa muda wa mwaka mzima. Tukarudi kwa watu walewale na hesabu mpya, na wengine wakauliza ile ya kwanza imekwenda wapi. Hakuna aliyegusa senti, lakini kuirudisha imani ile kulituchukua muda ambao mgonjwa hakuwa nao.

Kwa hiyo msitangaze jumla ya matibabu kabla ya kushika vitu vitatu: ripoti kamili ya patholojia, yaani ya maabara iliyopima kinyama (kwa saratani ya titi iwe na majibu ya vipokezi vya homoni na HER2), majibu ya skani zinazoonyesha ugonjwa umefika hatua gani, na mpango wa matibabu uliosainiwa na daktari wa saratani. Makadirio yawe na mchanganuo: mizunguko mingapi ya dawa, dawa zipi, vipindi vingapi vya mionzi, upasuaji, siku za kulazwa. Karatasi yenye tarakimu moja chini na muhuri haitoshi. Irudisheni, ombeni mchanganuo. Ni haki yenu.

Halafu ongezeni yale ambayo hospitali haiandiki. Kuna nauli na malazi, vipimo vya damu kabla ya kila mzunguko, dawa za kuzuia kutapika, na akiba ya kulazwa kwa dharura, maana tibakemikali hushusha chembe nyeupe za damu na homa ikipanda wakati huo mgonjwa anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hakuna kusubiri asubuhi.

Onyo la kwanza: ombeni kwa awamu. "Awamu ya kwanza: upasuaji" inaeleweka, na ikikamilika watu wanaona kitu kimefanyika.

Onyo la pili: kusubiri karatasi kusicheleweshe tiba. Kama hata fedha ya vipimo haipo, ombeni ya vipimo peke yake na mseme wazi kwamba ni ya vipimo.

Hatua ya 4. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kutangaza. Yeye ndiye anayejua msamaha wa gharama, mifuko ya wagonjwa na utaratibu wa kulipa kidogokidogo. Familia nyingi humfikia mwishoni, wakati wameshauza mali. Kama kuna bima, ombeni kwa maandishi nini inalipa na nini hailipi.

Hatua ya 5. Andikeni tangazo fupi: nani, ugonjwa gani, awamu ipi, kiasi gani, tarehe inayohitajika, nani anapokea. Kwenye picha za ripoti fichani namba ya faili, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Matapeli huchukua matangazo ya wagonjwa na kubadilisha namba ya kupokelea fedha, kwa hiyo andikeni namba hiyo ndani ya picha yenyewe pia.

Hatua ya 6. Lipeni hospitali moja kwa moja, mchukue stakabadhi.

Hatua ya 7. Toeni taarifa kila wiki, hata kama hakuna kilichoingia.

Karibuni kwa maswali.

---

Kipepeo_M: Asante kwa somo. Sasa kwa kifupi mtu anaanzia wapi?

Mtoa somo: Hatua ya 1. Zipo saba, zinafuatana.

Jembe Halimtupi Mkulima: Mkuu, kwa nini msitangaze kiasi kikubwa tu ili kibaki cha ziada? Watu huwa hawatimizi.

Mtoa somo: Hapana. Ukiomba usichoweza kukitolea karatasi umewadanganya waliokuamini, na siku ikijulikana anayeumia ni mgonjwa. Weka akiba ya dharura kwenye mchanganuo na uiite kwa jina lake.

Mwanakwetu: Samahani ndugu, baba hataki kabisa watu wajue anaumwa. Sisi watoto hatuna uwezo. Tunafanyaje bila kumvunjia heshima?

Mtoa somo: Poleni sana, na ni swali zuri. Kwanza mwulizeni anaogopa nini hasa. Wengine hawakatai msaada, wanakataa kuonekana wanyonge. Mara nyingi mtu anaridhia orodha ndogo: ndugu, wafanyakazi wenzake wa zamani, watu wake wa ibada. Tangazo linaweza kwenda bila picha, likasema "mzazi wetu anahitaji matibabu ya saratani", na karatasi akaonyeshwa anayeziomba tu. Msimsome barua ya kuomba akiwa kwenye maumivu. Mkae naye siku ana nafuu, na mwacheni afute sentensi asiyoitaka.

Chongoe: GoFundMe, lile jukwaa la kuchangisha mtandaoni, vipi? Nasikia huko hela ni nje nje.

Mtoa somo: Mwandaaji lazima awe katika nchi inayokubaliwa na jukwaa hilo, na akaunti ya benki iwe hukohuko. Kama hamna mtu wa kuaminika huko, haiwezekani. Akiwepo, atathibitishwa kwa vitambulisho, na kuna makato kwenye kila mchango. Tena jukwaa halileti wachangiaji. Wanaotoa ni wale mnaowatumia kiungo.

Nyota ya Alfajiri: Mdogo wangu ana saratani ya damu, daktari ametaja CML, ile aina inayokwenda polepole. Kuna mpango wowote wa dawa, au ni kuchanga tu maisha yote?

Mtoa somo: Pole dada. Kwa CML upo. The Max Foundation, yenye makao Seattle, hutoa dawa kupitia hospitali inazoshirikiana nazo katika nchi nyingi. Maombi hupita kwa daktari wa kituo hicho. Mwulizeni daktari kama kituo chenu kimo, na kama hakimo, kipi cha jirani kimo. Jambo la pili: imatinibu, dawa ya CML, sasa ina matoleo ya kawaida yasiyo na jina la kampuni ya kwanza, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2015. Ulizeni tofauti ya bei kabla ya kukata tamaa.

Nyota ya Alfajiri: Mungu akubariki. Hiyo trastuzumabu nayo ina matoleo hayo?

Mtoa somo: Ndiyo, ya kampuni nyingine yanayofanana nayo sana, huitwa bayosimila. WHO iliidhinisha la kwanza Desemba 2019. Sisi tulihamia huko kwa ushauri wa daktari.

Chongoe: Nimekutana na mtu anauza mizizi inayotibu saratani zote, anasema mchango wote tumpe yeye.

Mtoa somo: Usimpe. Anayetibu saratani zote kwa dawa moja hayupo.

Fundi wa Mionzi: Naongezea mkuu. Nafanya kazi kwenye mionzi. Malazi hula hela kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu vipindi ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa wagonjwa wengi wa titi vipindi 15 kwa wiki 3 vinatosha badala ya 25 kwa wiki 5. Na mionzi ya kupunguza maumivu ya mfupa mara nyingi hutolewa kwa kipindi kimoja tu. Si kila mgonjwa anafaa, lakini swali linaulizwa.

Mtoa somo: Asante sana, hili naliongeza kwenye hatua ya 3.

Mwanakwetu: Na fedha ikibaki, au mgonjwa akifariki?

Mtoa somo: Andikeni jibu kwenye tangazo la kwanza kabisa, kabla fedha haijaingia. Sisi tuliandika kwamba ikibaki itakwenda kwa mgonjwa mwingine wa wodi ileile, kupitia ofisi ya ustawi. Kama mnataka igharamie mazishi na watoto, semeni hivyo mapema. Wachangiaji hukubali.

Kipepeo_M: Naomba mfano wa tangazo.

Mtoa somo: Nitumie makadirio yenye mchanganuo, tuliandike la kwenu pamoja.