Choya badala ya litmasi

Mwalimu wa sayansi ambaye karatasi za litmasi, zile za kupimia asidi na besi (kinyume cha asidi), zimemwishia, nunua choya kavu sokoni, ile ya kutengenezea juisi. Loweka kiganja kimoja kwenye vikombe viwili vya maji ya moto, acha ipoe, chuja. Usiweke sukari!

Kisha ongeza maji mpaka rangi iwe ya waridi hafifu. Hapa ndipo wengi wanapokwama: choya yenyewe ni chachu, kwa hiyo ikiwa nzito, besi dhaifu kama maji ya sabuni inamezwa na ile asidi na rangi haibadiliki vizuri.

Gawa kwenye vifuniko vyeupe vya chupa. Ndimu na siki huifanya iwe nyekundu zaidi. Magadi na maji ya majivu huipeleka kwenye kijani. Sasa waambie wanafunzi waongeze ndimu tone kwa tone kwenye ile ya magadi. Itatoa povu la kabonidioksidi na wekundu utarudi, yaani somo la kutoweshana kwa asidi na besi limeshaanza bila ubao. Ya kubaki huchacha upesi, tengeneza ya siku hiyo tu.