Jinsi kikundi cha ngoma au maigizo cha Mtwara na Lindi kinavyoomba fedha za umma ili kiweze kuwalipa wachezaji wake

Mwongozo huu ni wa viongozi wa vikundi vya ngoma na maigizo katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, ambao wamechoka kuwaaga wachezaji kwa nauli na sahani ya wali kila baada ya onyesho na wanataka fedha za umma ziwasaidie kuwapa ujira unaoeleweka. Kabla ya kugusa fomu yoyote, kiongozi anapaswa kuelewa jambo moja ambalo huangusha maombi mengi. Kikundi cha kijijini hakiombi mshahara, kwa sababu njia zinazoelezwa hapa hazikuwekwa kwa ajili ya kulipa mishahara.

Watu wanaosema kwamba zamani Serikali ililipa wasanii hawakosei. Baada ya uhuru kulikuwa na Kikundi cha Taifa cha Ngoma, ambacho kiliichukua sindimba ya Wamakonde kutoka viwanja vya vijijini na kuipandisha kwenye majukwaa ya taifa, na baadaye majeshi na mashirika ya umma yakawa na vikundi vyao ambavyo wachezaji wake walikuwa waajiriwa kama waajiriwa wengine. Kikundi cha Taifa kilivunjwa, na kazi ya kufundisha ikahamia Bagamoyo, kwenye chuo ambacho sasa tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hata leo zipo nchi, India ikiwa mojawapo, ambako wizara ya utamaduni hutoa ruzuku ya kila mwezi kwa mwalimu wa sanaa na wanafunzi wake. Kwetu, kikundi cha Newala au Ruangwa kina milango miwili ya karibu: mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na mkopo wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania. Yote miwili ni mikopo, na mkopo hurudishwa. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao sehemu yote inayofuata inauegemea, ni kwamba mkopo ununue kitu kitakachozalisha ujira, na ujira wenyewe utoke kwenye onyesho.

Kuamua nani ni mwanakikundi

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, nayo hufanyika kwenye mkeka, si ofisini. Asilimia 10 ya halmashauri imegawanywa kisheria: asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi cha ngoma cha kawaida katika mikoa yetu hakikai vizuri ndani ya mgawanyo huo. Mpiga ngoma mkuu huwa ni mzee, mchonga vinyago vya mapiko, ngoma ya Wamakonde inayochezwa kwa kuvaa vinyago, ni mzee pia, wachezaji ni vijana wa kiume, na waimbaji ni akina mama ambao baadhi yao wana wajukuu. Mkiandika majina yote 30 katika orodha moja, kikundi chenu hakitakuwa cha wanawake, hakitakuwa cha vijana, wala hakitakuwa cha watu wenye ulemavu, na Afisa Maendeleo ya Jamii hatakuwa na mahali pa kukiweka hata kama anaipenda ngoma yenu.

Njia inayofaa ni kutenganisha wanakikundi na wachezaji. Wanakikundi ni wale wanaobeba dhamana ya mkopo kwa pamoja, nao wanaweza kuwa wachache kuanzia watano, wote wakiwa raia wa Tanzania waliotimiza miaka 18, wakaazi wa halmashauri husika na wenye namba ya NIDA. Wachezaji wengine, pamoja na wazee, wanabaki kuwa watu wanaolipwa kwa kazi. Kundi la wanawake lina nafuu kwa sababu halina ukomo wa juu wa umri, na kwa vikundi vya sindimba, ambavyo nguzo yake mara nyingi ni akina mama, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Kundi la vijana lina ukomo wa umri, hivyo mwanakikundi anayekaribia kuuvuka asiwekwe kwenye orodha, kwa kuwa mkopo unaweza kuchukua zaidi ya mwaka mmoja tangu kuombwa hadi kurejeshwa.

Mzee hatakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba jina lake halimo katika orodha ya kikundi alichokianzisha. Mwelezeni mapema, tena mbele ya wenzake, na muandike katika katiba kwamba yeye ni mwalimu wa kikundi na kwamba malipo yake kwa kila onyesho ni kiasi fulani. Jambo hili likiachwa kiporo, kikundi huvunjika siku fedha zinapoingia.

Katiba na usajili

Katiba haihitaji kuwa ndefu. Inapaswa kutaja jina la kikundi, makao yake kwa kijiji na kata, shughuli zake, namna ya kupata na kuondoa viongozi, mgawanyo wa mapato na taratibu za kutatua migogoro, kisha iambatane na muhtasari wa mkutano ulioipitisha, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Hilo linakubalika, na halipaswi kumwaibisha mtu.

Baada ya hapo kuna usajili wa aina mbili ambao watu huuchanganya. Usajili wa kwanza ni wa kikundi katika halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, na bila huo mkopo wa asilimia 10 haupatikani. Usajili wa pili ni wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, ambalo ndilo husajili watu na vikundi vinavyofanya kazi za sanaa na kuvipa vibali. Safari ya Dar es Salaam si lazima. Muanze kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, ambaye ataangalia katiba na kuwapa barua ya utambulisho, kisha maombi hutumwa kwa njia ya mtandao na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, wala si mkononi mwa mtu. Atakayewaambia mmpe fedha taslimu ili aharakishe usajili mwacheni aende zake.

Jina la kikundi lifanane kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi ambacho jalada lake lilirudishwa mara mbili, na kosa lilikuwa letu wenyewe: katiba ilisema kikundi cha ngoma, akaunti ya benki ikasema kikundi cha sanaa. Tulipomaliza kurekebisha, msimu wa maombi ulikuwa umepita. Kwa sababu hiyo, fungueni akaunti na kuchukua namba ya mlipakodi TRA baada tu ya kupata cheti cha usajili, mkiwa na cheti chenyewe mkononi, na muwe na watia sahihi watatu ambao angalau wawili wanatakiwa ili fedha itoke.

Kuandika andiko

Andiko la mradi ndilo litakalosomwa na kamati ambayo huenda hakuna hata mjumbe mmoja aliyewahi kulipwa kwa kucheza ngoma. Msianze kwa kueleza umuhimu wa utamaduni, kwa sababu wajumbe hawaupingi. Wanachotaka kujua ni fedha itarudije. Elezeni kazi mnayofanya, wateja mliowahi kuwahudumia, kitu mnachotaka kununua, na hesabu ya mapato.

Chukueni mfano huu wa hesabu, ambao bei zake ni za kufundishia tu. Kikundi kinaomba Sh 3,000,000 za kununua spika mbili, kikuza sauti, jenereta ndogo na turubai, pamoja na ngozi za kuwambia ngoma. Kwa onyesho moja mteja analipa Sh 400,000. Wachezaji 12 wanalipwa Sh 15,000 kila mmoja, yaani Sh 180,000. Mwalimu na mpiga ngoma mkuu wanalipwa Sh 25,000 kila mmoja, yaani Sh 50,000. Usafiri ni Sh 80,000. Kinachobaki ni Sh 90,000. Maonyesho matatu kwa mwezi yanaacha Sh 270,000. Vifaa vilevile, siku ambazo kikundi hakichezi, vikikodishwa mara nne kwa mwezi kwa Sh 100,000, vinaleta Sh 400,000 nyingine. Kwa miezi saba ya msimu, jumla ni Sh 4,690,000. Hapo ujira umeonekana wazi, tena kama gharama ya kazi iliyofanyika, na mjumbe wa kamati anaona kwamba spika ndizo zinazolipa deni huku ngoma ikiwalipa wachezaji.

Nimesema miezi saba kwa makusudi. Mtu wa Kusini anajua kwamba shughuli za jando na unyago hushika kasi kuanzia Juni, mavuno yakiwa ndani, na kwamba minada ya korosho inapoanza Oktoba fedha huingia vijijini na watu hukodi ngoma bila kubishana sana juu ya bei. Mvua zikikolea, kuanzia Januari hadi Aprili, watu wako shambani na njia nyingi hazipitiki. Andiko linaloonyesha mapato sawa kwa miezi 12 linamwambia msomaji kwamba mwandishi hajui biashara yake. Wekeni ratiba ya marejesho inayofuata msimu, na kwa miezi ya mvua onyesheni akiba itakayotumika.

Vifaa viandikwe kwa majina yake halisi. Kikundi cha mapiko kikiandika tu kwamba kinanunua vinyago, msomaji anaweza kudhani ni vinyago vya mpingo vinavyouzwa kwa watalii, ambavyo ni vizito na havivaliwi. Kinyago cha kuvaa kichwani huchongwa kwenye mti mwepesi, bei yake ni tofauti, na huchakaa, andikeni hivyo. Ambatisheni pia ushahidi wa kazi: barua za mialiko, stakabadhi za wateja, na picha. Vikundi vilivyowahi kucheza kwenye tamasha la MaKuya pale Mtwara, ambalo jina lake limetokana na Makonde, Makua na Yao, vina ushahidi mzuri na visiuache nyumbani.

Kuwasilisha maombi

Maombi ya halmashauri huanzia chini. Mtendaji wa kijiji au mtaa anathibitisha kwamba mnafahamika, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anapokea na kuwaongoza kuingiza taarifa kwenye mfumo wa kielektroniki, kamati ya kata inapitia, kisha jalada linapanda halmashauri. Afisa huyo wa kata ndiye mtu muhimu kuliko wote katika safari hii. Mwiteni aje kuangalia mazoezi yenu kabla ya kuwasilisha, kwa kuwa atakapoulizwa na wakubwa wake kama kikundi kipo kweli, atajibu kwa alichokiona.

Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili taratibu zirekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024, na katika kurejeshwa huko Halmashauri ya Mji Newala iliwekwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio zilizopangiwa kutoa mikopo kupitia benki. Wanakikundi wa Newala Mjini, kwa hiyo, wasifuate kwa upofu maelezo ya ndugu zao wa Tandahimba au Masasi. Waulize ofisini kwao kwanza ni njia ipi inayotumika.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa una utaratibu wake. Hauulizi kama ninyi ni vijana au wanawake, bali unaangalia kama mnafanya kazi ya utamaduni au sanaa na kama mmesajiliwa, hivyo unafaa kwa kikundi cha mchanganyiko ambacho wazee wake hawataki kutenganishwa na wengine. Kwa kuwa Mfuko hukopesha kwa kushirikiana na benki, tarajieni maswali ya kibenki: mzunguko wa akaunti, mdhamini au dhamana, na gharama ya mkopo. Akaunti ambayo haijawahi kupokea hata malipo ya onyesho moja haitawasaidia. Anzeni leo kupitisha kila malipo benki, hata kama ni Sh 50,000 za harusi, na baada ya miezi sita mtakuwa na kitu cha kuonyesha.

Fedha zikiingia

Nunueni kilichoandikwa, kwa mkutano na kwa stakabadhi. Kisha fungueni daftari la malipo ambalo kila mchezaji atasaini palepale uwanjani baada ya onyesho, tarehe, mahali na kiasi vikiwa vimeandikwa, kwa sababu maafisa ufuatiliaji watakuja kulitazama, na kwa sababu mchezaji aliyesaini Sh 15,000 hawezi kusema kesho kwamba aliambulia patupu. Daftari lisikae kwa mweka hazina peke yake. Katibu apige picha ya kila ukurasa kwa simu siku hiyohiyo, na picha hizo zitumwe kwa mwanakikundi mmoja asiye kiongozi.