Namna ya kuufuata msimu wa besiboli ukiwa Kibirizi

Mimi ni mnunuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na timu yangu ni Seattle Mariners ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Mariners ni mabaharia, lakini si jina lililonivuta. Miaka ya nyuma kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati alipanga chumba jirani na kwetu. Kwake hapakuwa na mchezaji wa kumpita Ichiro Suzuki, aliyepiga mapigo salama 262, yaani yale yanayomfikisha mpigaji kwenye beisi (kituo cha kukimbilia), akiwa Seattle mwaka 2004, rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa mpaka leo. Kijana huyo ndiye aliyenifundisha kuandika mechi kwa penseli, na ndivyo ninavyokushauri uanze.

Kwanza jua saa. Msimu unaanza mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na kila timu inacheza mechi 162. Seattle wako nyuma yetu kwa saa kumi, hivyo mechi yao ya saa moja na dakika kumi usiku huku ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri ya kesho yake. Ni wakati boti zinarudi, na mimi niko macho pale mchangani na ndoo zangu. Ukipenda timu ya New York, tofauti ni saa saba: mechi zao za usiku utazikuta saa nane za usiku, ila za mchana zinaanza saa mbili, ukishakula. Mbalamwezi ikiwa kali na wavuvi hawatoki, mimi nalala, asubuhi nasoma matokeo.

Usifuate kwa video, bando litaisha wiki ya kwanza. Fuata matokeo ya maandishi, yanayokuonyesha kila mpira uliorushwa.

Sasa daftari. Langu upande wa kushoto lina ndoo na madeni, upande wa kulia lina Mariners. Chagua wapigaji wawili au watatu tu. Kwa kila mmoja chora safu nne: mara alizosimama kupiga, mapigo salama, mipira iliyovuka uzio, na mara alizopewa beisi ya bure kwa sababu mrushaji alikosea mipira minne. Hapa wengi wanakosea: beisi ya bure usiihesabu kwenye safu ya kwanza. Kisha gawanya mapigo salama kwa safu hiyo ya kwanza. Anayepata matatu katika kumi ni mpigaji hodari, maana yake anashindwa mara saba na bado tunamheshimu. Kwa hiyo usimtukane mchezaji kwa usiku mmoja. Mpe hata wiki tatu.

Ila hesabu hiyo peke yake itakudanganya. Mwaka 2025 mdakaji wetu, Cal Raleigh, alimaliza na wastani wa 0.247, chini ya robo. Mtu wa safu moja angesema ni mchezaji wa kawaida. Safu ya tatu ndiyo iliyosema kweli: mipira 60 ilivuka uzio, na hakuna mdakaji mwingine aliyewahi kufika hapo. Tena mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima, akipokea mpira baada ya mpira. Nikiinama kuanika dagaa saa mbili tu mgongo unaniuma, ndiyo maana yule namheshimu kuliko wote.

Warushaji waandikie idadi ya mipira. Anayeanza mechi akikaribia 100, tazama nani anaamka kupasha misuli, kwa maana hapo ndipo mechi nyingi zinapogeuka.

Ligi ikiisha zinakuja mechi za mtoano za Oktoba, na Oktoba nafuata kila mpira. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 2025 tulikuwa mechi ya saba na ya mwisho na Toronto Blue Jays, mshindi anakwenda fainali kuu, ambayo Seattle hawajawahi kuicheza tangu waanzishwe mwaka 1977. Mwezi ulikuwa haupo, giza totoro, taa za boti zimetapakaa ziwani hadi upande wa Kongo. Tulikuwa mbele 3 kwa 1, Julio Rodríguez na Raleigh wote wameshavusha uzio. Kipindi cha saba kati ya tisa Toronto wakaweka watu wawili kwenye beisi. Mimi nilitaka aitwe Andrés Muñoz, mrushaji wetu wa kumalizia, hata kama mapema. Hakuitwa. George Springer akapiga, mpira ukavuka uzio, watatu wakaingia, pointi tatu. Ikaisha 4 kwa 3.

Usiku wa namna hiyo usifunge daftari. Niliandika kila pigo mpaka la mwisho, mkono ukitetemeka, na nikaweka alama pembeni mwa kipindi cha saba. Boti ya kwanza ilipogusa mchanga nikageuza upande wa kushoto: ndoo sita, nusu kwa mkopo. Na ukurasa wa kulia unaofuata nilishauchorea safu za Machi.