Mchezaji wa Raga Anapofeli Kipimo cha Dawa: Namna ya Kumsaidia

Mchezaji wa kulipwa anapopokea barua kwamba sampuli yake ya mkojo imekutwa na kokeini, msikimbilie kwa mwanasheria kwanza. Usiku huo asiachwe peke yake, na mmoja wenu amuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akikiri, apelekwe hospitalini mara moja, na barua isubiri.

Asubuhi isomeni pamoja, mkitafuta kwanza siku ya mwisho ya kuomba sampuli B, yaani sehemu ya pili ya mkojo uleule iliyohifadhiwa, ipimwe. Kanuni za dunia za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, zilizoanza kutumika mwaka 2021, zinaziweka kokeini, heroini na bangi katika kundi la dawa za kulevya zinazotumiwa sana nje ya michezo. Mchezaji akithibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano, na si kwa ajili ya kuongeza uwezo uwanjani, hufungiwa miezi 3, na adhabu inaweza kushuka hadi mwezi 1 akikamilisha matibabu yaliyoidhinishwa. Zingatieni kwamba kipindi cha mashindano kwa kawaida huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mechi.

Daktari aelezwe yote: usingizi, pombe, dawa za maumivu, na kila mara alipogongwa kichwa akapata mtikisiko wa ubongo, kwa maana dalili zake hufanana mno na za sonona. Wachezaji wengi huogopa kwamba dawa za sonona zitawafelisha tena. Fluoksetini, kwa mfano, haijapigwa marufuku, na kuikatisha ghafla kwa hofu ni hatari. Methilfenideti, inayotibu tatizo la umakini, ndiyo inayohitaji kibali cha matibabu kabla ya mechi.

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni upweke, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya adhabu aliyefungiwa haruhusiwi hata kufanya mazoezi na timu yake. Matt Stevens wa Uingereza alifungiwa miaka 2 mwaka 2009 kwa kokeini, chini ya kanuni za wakati ule, akakiri hadharani kwamba alikuwa mraibu, kisha akarudi na kucheza Kombe la Dunia la 2011. Kanuni hazikatazi programu za matibabu wala urafiki. Kwa hiyo pangianeni zamu za kumtembelea, hasa siku za mechi, na mtu wa zamu asiongelee kesi mpaka mwenyewe aianze.