Jinsi ya kununua Clair Obscur: Expedition 33 na kujifunza kupangua mapigo yake

Clair Obscur: Expedition 33 ilitoka tarehe 24 Aprili 2025. Imetengenezwa na Sandfall Interactive, studio ya Montpellier, Ufaransa, na Desemba mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwenye The Game Awards. Ni gemu ya zamu: unapiga wewe, kisha anapiga adui. Ila zamu ya adui ikifika hukai ukitazama damu yako ikipungua. Kila pigo unalikwepa au unalipangua kwa kidole chako mwenyewe, kwa wakati wake. Wanaoikatia tamaa wengi hukatia tamaa hapo, na mara nyingi shida haiko kwenye vidole, iko kwenye televisheni au kwenye spika za masikioni. Ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini imekuwa ndefu kuliko nyingine. Usiiruke.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine yako inaiweza

Ipo kwenye PS5, Xbox Series X na S, na kompyuta ya Windows. PS4 haimo. Ukikuta mtu anakuuzia ya PS4, ondoka dukani.

Kwa kompyuta, kiwango cha chini kilichotajwa na watengenezaji ni kadi ya picha (GPU) GTX 1060 ya 6GB, RAM 8GB na prosesa ya daraja la Core i7-8700K au Ryzen 5 1600X. Kinachopendekezwa ni RTX 3060 Ti na RAM 16GB. Nafasi ya diski ni 55GB, na lazima iwe SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Laptop ya mtumba ya ofisini, hata iwe i7, kama haina GPU yake ya pekee haitafika popote, kwa hiyo usinunue gemu kwanza ukitumaini itajipa. Kwenye RAM, 8GB inawasha, lakini kivinjari kikiwa wazi nyuma utaona picha inakwama kwama. 16GB ndiyo raha yake.

Hatua ya 2: Lipa

Bei ya kawaida kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 49.99. Kwa Kenya na Tanzania Steam inaonyesha bei kwa dola, hivyo mtandao wako wa simu utabadilisha fedha kwa kiwango chake. Weka akiba ya dola tatu nne juu ya bei, kwa sababu salio likipungua hata kidogo malipo yote yanakataliwa.

Njia rahisi kwa asiye na kadi ya benki ni kadi pepe ya Visa. Kenya unaipata kwenye M-Pesa GlobalPay, na Tanzania M-Pesa ya Vodacom nayo inayo. Fungua kwanza ukurasa wa kulipia kwenye Steam, jaza jina na anwani, kisha ndipo uombe CVV, ile namba ya siri ya kadi. Ukiiomba mapema, muda wake unaweza kuisha huku bado unaandika anwani.

Malipo yakikataliwa, usibonyeze tena na tena. Ukijaribu mara nyingi kwa muda mfupi Steam inakuzuia kununua kwa saa kadhaa, na hapo hata kadi nzima haitapita. Angalia salio, angalia CVV, hakikisha nchi uliyoandika ni ile uliyopo, na kama una VPN izime. Kununua kwa VPN ili upate bei ya nchi nyingine ni kinyume cha masharti ya Steam na akaunti inaweza kufungiwa.

Wa PS5 hali yao ni ngumu zaidi, kwa sababu akaunti nyingi za huku zimesajiliwa kwa nchi nyingine na kadi zetu hukataliwa. Nunua diski. Diski ya PS5 ipo, na ukimaliza unaiuza.

Kaa mbali na "akaunti ya pamoja" zinazouzwa kwa bei ya soda kwenye magrupu ya simu. Mwenye akaunti akibadilisha nywila, umeachwa nje pamoja na maendeleo yako yote.

Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza saa 2. Tumia saa hizo kupima kama mashine inaiweza, siyo kutazama hadithi.

Hatua ya 3: Pakua

Kwa kasi ya Mbps 10 unapata kama GB 4.5 kwa saa, kwa hiyo panga usiku mzima. Umeme ukikatika Steam inaendelea pale ilipoishia. Kama rafiki yako tayari anayo, msilipie bando mara mbili: unganisheni kompyuta zote mbili kwenye ruta moja, wote mkiwa mmeingia Steam, kisha kwenye Settings, sehemu ya Downloads, ruhusuni kuhamisha faili za gemu kwa mtandao wa ndani. Wewe lazima uwe umeinunua kwenye akaunti yako. Faili zitatoka kwenye mashine yake bila kugusa bando la intaneti, isipokuwa kipande kidogo cha kuhakiki.

Hatua ya 4: Ondoa ucheleweshaji kabla ya kucheza

Gemu hii inapima vipande vidogo sana vya sekunde. Kama picha inafika kwenye kioo ikiwa imechelewa, utabonyeza kwa wakati unaouona sahihi na utapigwa. Mbaya zaidi, ubongo utazoea kubonyeza mapema, na siku ukicheza kwenye kioo kizuri utaanza upya. Ucheleweshaji hutoka sehemu nne. Zishughulikie kwa mpangilio huu.

Televisheni. TV nyingi husafisha picha kabla ya kuionyesha: hulainisha mwendo, huongeza ukali, hupunguza chembe. Kazi hiyo inachukua muda. Tafuta Game Mode kwenye mipangilio ya picha na uiwashe. Angalia mambo mawili hapa. Kwanza, kwenye TV nyingi mpangilio huu ni wa tundu moja la HDMI tu, kwa hiyo ukihamisha waya kwenda tundu jingine umeupoteza. Pili, baadhi ya TV huuzima zenyewe ukibadilisha aina ya picha, mfano kutoka Standard kwenda Movie. Ukiona rangi zimebadilika ghafla zikawa za kupendeza, rudi ukague. Kama TV yako haina Game Mode, zima kila kitu chenye neno Motion, Noise au Dynamic, na kwenye orodha ya HDMI ipe ingizo hilo jina la PC. Kwenye baadhi ya TV hilo peke yake huzima usafishaji mwingi. Monita ya kawaida ya kompyuta, hata ndogo ya mtumba, huwa bora kuliko TV kubwa isiyo na Game Mode. Chagua monita.

Sauti. Mapigo mengi kwenye gemu hii yana sauti yake sekunde kidogo kabla hayajafika, na wachezaji wazuri hupangua kwa sikio kuliko kwa jicho. Spika za masikioni za Bluetooth huchelewesha sauti, za bei nafuu huchelewesha sana, kiasi kwamba sauti inafika pigo likiwa limeshatua. Tumia za waya. Hili halina mjadala: usijifunze gemu hii kwa Bluetooth.

Pedi. Tumia waya. Chunguza waya wenyewe, kwani zipo nyaya nyingi za kuchaji tu, zisizo na nyuzi za data ndani. Pedi itawaka taa, utaamini imeunganishwa, kumbe kompyuta haiioni kabisa au bado inatumia Bluetooth. Waya uliokuja na simu kwa kawaida una data. Jaribu kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta. Ikihama, waya ni mzima. Pedi ya PlayStation inafanya kazi kwenye Steam bila programu ya ziada. Kibodi pia inaweza, lakini kwa kupangua, kidole kilichokaa tayari juu ya R1 ni chepesi kuliko kinachotafuta herufi.

Kasi ya picha. Kwenye PS5 na Xbox chagua Performance, inayolenga picha 60 kwa sekunde, usichague Quality. Kwenye kompyuta shusha mipangilio mpaka 60 itulie hata kwenye pambano lenye moshi na cheche. Afadhali 60 tulivu kwenye 1080p ya chini kuliko inayoruka kati ya 45 na 80. Mwenye RTX awashe DLSS, wengine XeSS; zote huchora picha ndogo kisha huikuza ili mashine ipumue. Zima motion blur. Frame generation (kubuni fremu za ziada) usiiguse: namba ya FPS (fremu kwa sekunde) inapanda, lakini hisia ya kidole inachelewa.

Sasa pima. Weka simu kwenye slow motion, ya picha 120 au 240 kwa sekunde, ielekeze ili dole gumba na kioo vionekane pamoja, kisha ruka na mhusika ukiwa unatembea. Hesabu fremu tangu kidole kilipozamisha kitufe hadi mhusika aanze kusogea. Kwa 240, kila fremu ni kama milisekunde 4. Kwa 120, ni kama 8. Usiitegemee namba hiyo peke yake, maana sehemu ya ucheleweshaji ni ya gemu yenyewe, na simu nyingine hubuni fremu za katikati. Pima mara moja Game Mode ikiwa imewashwa na mara moja ikiwa imezimwa. Tofauti ikiwa kubwa, umemkamata mwizi.

Hatua ya 5: Kwepa kwanza, kupangua baadaye

Vitufe vya pedi ya PlayStation: Duara ni kukwepa, R1 ni kupangua, X ni kuruka. Kwenye Xbox ni B, RB na A.

Kukwepa kuna dirisha pana, yaani muda mrefu wa kubonyeza, lakini hakukupi kitu zaidi ya kuokoka. Kupangua kuna dirisha jembamba, ila kila pigo ulilopangua linakupa nukta 1 ya AP, ambayo ndiyo fedha ya kutumia ujuzi wako. Ukipangua mapigo yote ya mfululizo mmoja, mhusika wako anajibu kwa shambulio zito.

Kosa la wengi ni kuanza na kupangua kwa sababu kunapendeza. Anza na kukwepa, kisha soma neno linalotokea kwenye kioo. Likiwa Perfect, maana yake ungeweza kupangua pigo lile. Kwa kila adui mpya, kwepa tu mpaka Perfect zianze kuja mara kwa mara, ndipo uhamie R1 kwa pigo hilohilo. Kuna Picto (kifaa cha kuvaa chenye uwezo wake, tazama hatua ya 6) iitwayo Dodger inayokupa AP kwa kukwepa kwa Perfect, ivae mapema.

Maadui wa gemu hii wanadanganya kwa makusudi. Atainua silaha, ataishikilia juu, utabonyeza kwa hofu, na ndipo atashusha. Usitazame silaha ikipanda. Tazama bega au kiwiliwili kinapoanza kusogea mbele, na usikilize. Hesabu pia mapigo ya mfululizo. Adui anayepiga mara tatu huwa na mwendo wake, mfano haraka, haraka, kimya, kisha la tatu. Sema kwa sauti ukicheza, "moja, mbili, ngoja, tatu." Baada ya zamu mbili tatu utakuwa umeushika.

Chagua adui mmoja dhaifu katika Spring Meadows, eneo la mwanzo la gemu, umwache hai, umalize zamu zako kwa pigo la kawaida na ujifunze mapigo yake yote. Kisha pumzika kwenye bendera ya msafara: damu na dawa zinajaa, na maadui wanarudi.

Alama ya dhahabu ikitokea, ruka, kwa sababu R1 haisaidii hapo. Baadaye sana dunia nzima itapoteza rangi kwa sekunde moja kabla ya pigo. Hilo lina kitufe chake, R2, na gemu itakufundisha ukifika.

Ukishindwa kabisa, shusha ugumu kuwa Story. Madirisha yanapanuka na unaweza kurudi Expeditioner, ugumu wa kawaida, wakati wowote. Ile chaguo ya kujibu vitufe kiotomatiki inahusu mashambulizi yako tu, haikukwepei.

Hatua ya 6: Pictos na Lumina

Kila mhusika huvaa Pictos tatu. Ukishinda mapambano 4 ukiwa umeivaa moja, uwezo wake unabaki kama Lumina ambayo yeyote kwenye kikosi anaweza kuitumia kwa pointi za Lumina. Kwa hiyo usibaki na zilezile. Baada ya mapambano 4 vua, vaa mpya.

Alama za sifa zifuate herufi zilizoandikwa kwenye silaha yako. Silaha inayopanda kwa Agility haitakushukuru ukijaza Might.

Hatua ya 7: Lugha

Sauti ziko za Kiingereza na Kifaransa. Kwa wasomaji wa Goma, Bukavu na Bujumbura, wekeni Kifaransa; majina kama Lumière, Maelle na Verso yanakaa vizuri mdomoni na waigizaji ni wazuri mno. Wakati wa pambano haidhuru, kwani sauti za mapigo ni zilezile.

Hatua ya 8: Jua wa kumkimbia

Adui mwenye neno Chromatic kwenye jina ni wa hiari na ana nguvu kupita eneo alilopo. Wa kwanza utamkuta Spring Meadows kwenyewe. Mpite, rudi ukishapanda ngazi. Adui mwingine aitwaye Mime hujikinga, na kumpiga bila kumvunja ni kupoteza zamu: jaza ule mstari wa njano chini ya damu yake, kisha tumia ujuzi wenye neno Break, kama Overcharge ya Gustave, mhusika unayeanza naye. Overcharge hukusanya hadi chaji 10, na kila pigo ulilopangua linaiongezea.