Ukiletewa profoma ya mfumo wa duka, isome hivi

Mwezi uliopita shangazi kanipigia usiku. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, mabati, nondo, rangi, misumari, na siku hiyo kuna vijana walimtembelea dukani, mashati yamenyooka, laptop mkononi, wakamwachia profoma, yaani karatasi ya bei kabla hujanunua, ya mfumo wa kompyuta wa kuendesha duka. Akanitumia picha. Shangazi huyu akiangalia msingi tu anakwambia nyumba itakula bati ngapi, ila hiyo karatasi ilimtoa jasho, akaniuliza "baba, hivi hapa nanunua nini hasa?"

Nikamwambia asihangaike kukariri maana za maneno, maana mwakani watakuja na mengine. Kila neno liulize: nani anakishika hicho kitu, ntalipa lini tena, na kikizima duka langu litauzaje? Basi tukapita mstari kwa mstari.

Wa kwanza ulikuwa klaudi, wengine wanaita wingu. Hakuna wingu lolote hapo, ni kompyuta za mtu mwingine (ndo hizo seva) ziko kwenye jengo lenye umeme na ubaridi saa zote, hesabu zako zinakaa humo na wewe unazifikia kwa intaneti. Jengo linaweza kuwa Dar, linaweza kuwa Cape Town ambako Amazon walifungua vituo vyao mwaka 2020, linaweza kuwa Ulaya huko. Faida yake ni kwamba kompyuta ya dukani ikiibiwa au fremu ikiungua, hesabu zako zipo. Ubaya wake tuliuona Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima, mimi jirani yangu mwenye famasi nilimkuta anaandika mauzo kwenye boksi la dawa kwa sababu mfumo wake haufunguki. Kwaiyo waulize: mtandao ukikata, mfumo unaendelea kuuza alafu ukirudi unajipakia wenyewe? Akikujibu kwamba siku hizi mtandao haukatiki, msindikize mlangoni kwa heshima zote.

Sabskripsheni hii elewa kama kodi ya fremu. Hununui mfumo, unaupanga, na ukiacha kulipa unafungiwa kufuli. Sio vibaya, ila kwenye ile profoma bei kubwa ya juu ilikuwa ya kuanzia tu, chini kabisa kwa maandishi madogo kuna "15,000 kwa mwezi kwa kila mtumiaji". Mtumiaji maana yake kila mtu anayeingia kwa jina lake, shangazi ana watu wanne, piga hesabu, 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka, na kila mwaka. Alafu kuna swali ambalo wauzaji hawalipendi: siku nikihama naondoka na taarifa zangu? Kwenye fremu ukihama unabeba mzigo wako, na huku iwe hivohivo, wakupe orodha ya bidhaa, madeni na mauzo kwenye faili la Excel. Na waandike kwenye mkataba, sio wakwambie kwa mdomo.

Domeini na hostingi watu wanavichanganya sana. Domeini ni jina lako mtandaoni, lile linaloishia na .co.tz au .com, na hostingi ni kiwanja tovuti yako inapokaa. Vyote vinalipiwa kwa muda, kawaida mwaka, hakuna cha kununua moja kwa moja. Hapa nna kidonda changu. Nilikuwa na kabiashara ka kuprinti, kijana alienitengenezea tovuti akasajili domeini kwa jina lake na imeli yake, mi sikujua hata kama hilo ni tatizo, tulipokosana jina likaenda nae, imeli za ofisi zikaenda nae, na mi nimebaki na bizinesi kadi 500 zina anwani isiyofunguka. Yaani hata kama fundi ni mdogo wako wa tumbo moja, jina lisajiliwe kwa biashara yako, na paswedi uwe nayo wewe.

API ndo neno lililomtisha shangazi kuliko yote. Fikiria daladala. Konda akigonga bodi mara moja dereva anasimama, akigonga mara mbili anaondoka, hawahitaji kuongea wala konda hahitaji kujua kuendesha, kuna ishara walizokubaliana. API ni hizo ishara kati ya mfumo na mfumo. Mteja akilipa kwa simu, mtandao wa simu unagonga bodi, mfumo wa duka unajua hela imeingia na ankara inajifunga. Bila hiyo mhudumu anasoma meseji kwenye simu ya mteja, na meseji feki unazijua. Safaricom kule Kenya API yao ya M-Pesa wameiita Daraja, na kwa kweli sijaona jina linaloeleza vizuri zaidi ya hilo. Sasa akikwambia "tuna API", hiyo haitoshi. Umeunganishwa na mitandao ipi leo hii, sio mwezi ujao? Makato analipa nani? Na risiti ya TRA, watu wa kodi, je? Toka mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zianze 2010 wafanyabiashara tumeshazoea kuandika mauzo mara mbili, kwenye mashine na kwenye daftari. Kama mfumo mpya hautoi risiti ya TRA wenyewe, umenunua daftari la tatu.

Apitaimu ni muda ambao mfumo uko hewani. Waliandika 99% na inaonekana tamu kweli, mtoto akileta 99 shuleni unamchinjia kuku. Ila mwaka una saa 8,760, asilimia moja ni saa 87 na ushee, zaidi ya siku tatu na nusu mfumo umelala na wao hawajavunja ahadi. Ikiwa 99.9% ni kama saa 9 tu kwa mwaka. Hicho kinukta kidogo ndo cha kugombania.

Bakapu, nakala ya akiba. Wanasema "iko klaudi kwaiyo iko salama". Hapana. Mhudumu akifuta kitu kwa bahati mbaya, au kwa bahati nzuri yake, kinafutika na huko klaudi. Waambie wafute bidhaa moja mbele yako alafu wairudishe kutoka kwenye bakapu ya jana. Wakianza kupigiana simu umeshapata jibu.

CRM sitakupotezea muda, ni daftari la mangi, nani anakopa, nani analipa, namba yake ya simu. Kumbuka tu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hizo namba za wateja usizigawe hovyo.

Mwisho kulikuwa na AI, akili mnemba, "kutabiri mauzo", mstari wenye bei nono. Atabiri kwa kutumia nini wakati mfumo ndo kwanza unafungwa, hauna hata wiki moja ya mauzo? Tulipowabana ikaonekana ni kwamba saruji ikibaki mifuko 10 mfumo unatuma meseji. Kitu kizuri hicho, nakihitaji hata mimi, ila ni kujumlisha na kutoa tu.

Shangazi aliwapigia asubuhi yake. Mstari wa AI umetolewa, 99.9 imeandikwa, risiti ya TRA wamemwonyesha inatoka. Swali la kuondoka na taarifa zake kwenye Excel wamesema "tutawasiliana na bosi", leo siku ya tisa. Profoma ameikandamiza chini ya kopo la rangi na anaendelea kuandika kwenye daftari.