Tangi la matumbawe Dodoma: chumvi ni kazi ya siku moja, maji ni ya kila siku

Somo hili, kwa wanachama wetu, ni la tangi la kioo la kufugia matumbawe na samaki wa baharini nyumbani, la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, kama ninalolitunza sebuleni kwangu. Wengi wanaoanza huiogopa chumvi. Mimi nawaomba muyaogope maji yasiyo na chumvi, kwa sababu hapa kwetu, kwenye hewa kavu na upepo wa Agosti, ndiyo yanayoamua kama matumbawe yataishi.

Hatua ya 1: Sakafu na stendi

Pamoja na tangi la chini la kuchujia, mfumo mzima utabeba lita kama 650. Kioo cha milimita 15 kina kilo karibu 150, mawe kilo 60, na ukiongeza stendi ya skwea paipu unakaribia tani moja. Weka juu ya sakafu ya zege iliyo chini, mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni. Tumia pimamaji pande zote kabla ya kuweka kioo.

Hatua ya 2: Jaribu kwa maji ya bomba

Jaza, washa pampu, kisha zima umeme makusudi. Maji ya juu yatarudi chini kwa kupitia bomba la pampu. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi ya kuyapokea, zulia litaloa. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ili maji yakishuka hewa iingie na mnyonyo ukatike. Zima na kuwasha mara kadhaa. Acha siku mbili, kagua viungo vya silikoni, kisha mwaga.

Hatua ya 3: Maji

Sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka visima vya Mzakwe, Makutupora. Kila mwenye birika Dodoma anaujua ule ukoko mweupe. Ni madini, na kwenye tangi huendelea kujikusanya kila unapoongeza maji. Kwa hiyo unahitaji mashine ya RO, inayosukuma maji kwenye utando unaozuia madini, yenye hatua ya mwisho ya resini (chembe zinazonasa madini yaliyobaki), na mita ya TDS, yaani kipimo cha madini yaliyoyeyuka, ya kuhakikisha maji yanayotoka yanasoma 0.

Hapa wengi hukwama. Simtank iliyoinuliwa mita 3 hutoa msukumo wa baa 0.3 tu, wakati utando wa RO unataka kama baa 3 au 4. Mashine haijaharibika, haina nguvu ya kusukuma. Nunua ile yenye pampu yake. Jua pia kwamba kwa kila lita moja safi, mara nyingi lita tatu au zaidi hutoka kama maji ya taka. Kwenye mji wenye mgawo sikubali yamwagwe: yapeleke kwenye pipa la kudekia na la choo. Mvua za Desemba hadi Aprili nazo ni msaada mkubwa, ila maji ya bati yapite kwenye chujio na resini kwanza.

Sasa jambo lenyewe. Maji yanapovukizwa, chumvi hubaki. Kiangazi, nikiwa nimewasha feni, mfumo wangu hupoteza lita kama 10 kwa siku. Usipojaza kwa wiki moja zimeondoka lita 70, na chumvi imepanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi 39. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 300. Nilikuwa nikirudishia lita tano kila siku, lakini nilirudishia maji ya chumvi, nikidhani bahari hujazwa kwa bahari. Baada ya wiki mbili kipimo kilisoma 43. Matumbawe yote yalikufa, na bado inaniuma. Unachorudishia ni maji ya RO matupu. Weka boya la kujazia lenyewe, na pipa lake liwe la lita 60 au zaidi.

Hatua ya 4: Chumvi

Tumia chumvi maalumu ya matumbawe, kama gramu 37 kwa lita, yaani kilo 24 hivi kwa mfumo huu. Chumvi ya Uvinza au ya Bagamoyo ni ya chakula. Karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisiamu, na maji ya bahari yana miligramu kama 420 za kalisiamu na 1,300 za magnesiamu kwa kila lita. Mimina chumvi kwenye maji, kamwe si maji kwenye chumvi, la sivyo kalisiamu itaganda kuwa unga. Zungusha saa 24 kwa nyuzi 25, kisha pima kwa refraktometa, kifaa cha kupimia chumvi: isome 35.

Hatua ya 5: Mawe, kisha subira

Mawe makavu hukaa juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga wa aragonaiti (madini ya kalisiamu) ufuate. Mchanga wa korongo usiutumie. Tia kamba mbichi mmoja asiye na chumvi aoze. Amonia itapanda, bakteria wataigeuza nitriti, wengine wataigeuza nitrati. Ni wiki nne hadi sita. Amonia na nitriti zikisoma 0, badilisha robo ya maji, kisha ingiza samaki wawili tu. Matumbawe laini baada ya mwezi mwingine. Samaki aitwaye kangaja asubiri hadi mwani uwepo wa kumlisha.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Nkuhungu: Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu ana fuso inayotoka Dar kila wiki. Kwa nini nisilete maji ya bahari yenyewe?*

Marahaba. Utahitaji madumu 33 ya lita 20, na maji ya karibu na jiji hubeba taka, hasa baada ya mvua. Hata ukipata safi, kesho yake utahitaji lita 10 zisizo na chumvi. Mashine ya RO huikwepi.

*Mwanachama wa Singida: Je, naweza kuchukua kipande kidogo cha tumbawe nikienda Mafia?*

Hapana, ndugu yangu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kipande cha ukubwa wa ngumi kina umri wa mtoto wa shule. Nunua vipandikizi vilivyokuzwa kwenye matangi, vyenye vibali.

*Mwanachama wa Ipagala: Kaka, mchana wa Novemba maji yangu yanafika nyuzi 29. Ninunue mashine ya kupoza?*

Anza na feni mbili zinazopuliza juu ya maji. Hewa yetu kavu hufanya feni ipoze vizuri kuliko Dar, na huenda ukashuka nyuzi mbili au tatu. Utalipa kwa lita nyingi zaidi za kujazia. Hita usiiuze, usiku wa Julai utaihitaji.

*Mwanachama wa Area C: Umeme ukikatika usiku na sisi tumelala?*

Dada, kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Funga pampu ya mawimbi (inayozungusha maji ndani ya tangi) ya volti 12 kwenye betri ya sola, iwake yenyewe umeme ukiondoka. Kisha Jumamosi moja ukiwa nyumbani, zima swichi kuu kwa saa sita na uone kama betri inafika.